Kidonge Chini ya Ulimi: Hewa Iliyofichwa Ndani ya Dawa

Katika nyumba zetu nyingi yumo mzee atembeaye na kichupa cha vidonge mfukoni. Kifua kimbanapo huketi, akaweka kidonge kimoja chini ya ulimi, na baada ya dakika chache hupata nafuu. Wengi tumeyaona hayo. Wachache tumejiuliza kidonge kile hufanya nini.

Dawa hiyo ni nitrogliserini. Ascanio Sobrero wa Italia aliitengeneza mwaka 1847, na Alfred Nobel akaitumia kuundia baruti ya dainamaiti. Mwaka 1879 tabibu William Murrell wa London alieleza manufaa yake kwa wenye maumivu ya moyo. Nobel mwenyewe, alipougua moyo katika miaka yake ya mwisho, aliandikiwa dawa iyo hiyo.

Nitrogliserini yenyewe si tiba, bali ni mzigo uliofungwa. Mwili ndio uufunguao, ikatoka hewa iitwayo nitriki oksaidi. Hewa hiyo hulegeza kuta za mishipa ya damu, mishipa ikatanuka, na moyo ukapunguziwa kazi. Kwa kuwa hudumu sekunde chache tu, haiwezi kutiwa katika kidonge ikiwa peke yake. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, waliobainisha kazi ya hewa hii mwilini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Watafiti sasa wanaijaribu njia hiyo kwa kaboni monoksaidi, hewa ile ile ya jiko la mkaa iuayo watu waliolala. Mwili huitengeneza kwa kiasi kidogo sana, na katika maabara kiasi kidogo kimeonekana kutuliza uvimbe. Lakini jiko halina kipimo: tusilale nalo chumbani kwa kudhani kuwa sumu imekuwa dawa.

Tuliobaki nyumbani tuna wajibu. Mgonjwa aketi kabla ya kutumia kidonge, maana shinikizo la damu hushuka na aweza kuanguka. Vidonge vibaki katika chupa yake, mbali na joto na mwanga. Maumivu yasipopungua baada ya dakika tano, apelekwe hospitali mara moja.

Liko pia jambo lisemwalo kwa haya. Atumiaye dawa hii asitumie dawa za nguvu za kiume kama sildenafili. Zikikutana, shinikizo la damu laweza kushuka hata kuua. Mume amwambie daktari wake kweli, wala aibu isimfanye mkewe mjane.

Na wafungao wasiogope. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kidonge cha moyo kiwekwacho chini ya ulimi hakifunguzi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Basi asiyavumilie maumivu akingoja adhana ya magharibi.