Moto wa Njano Unadai Hewa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mtungi na regulata; leo tushuke hadi kwenye bana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mitungi ya gesi ya kilo 6 inazidi kuingia vijijini. Lakini moto ukigeuka njano na sufuria ikashika masizi, lawama zote humwendea muuzaji: kachakachua gesi. Kwa maoni yangu, kabla ya kumshuku muuzaji, ikaguliwe hewa.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Lita moja ya mvuke wa propani huhitaji lita 24 hivi za hewa ili iungue yote. Butani huhitaji 31. Gesi inapochomoka kwenye tundu la nozeli huvuta sehemu ya hewa hiyo kupitia matundu ya ubavuni mwa bomba la bana, na inayobaki moto huichukua pembeni. Buibui akitanda humo, au vumbi na nyuzi za pamba zikijaa, mvuto hupungua. Chembe za kaboni zisizoungua hung'aa njano kisha huganda kwenye sufuria, na kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, yaweza kujaa chumbani. Nkololo, wilayani Bariadi, ina la ziada: iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho tu hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Jiko lililowaka vizuri pwani laweza kudai hewa zaidi huku. Lizime, lipoe, lisafishwe. Kisha legeza skrubu ya kibati kinachofunika matundu ya hewa na ukifungue kidogo kidogo mpaka ncha za njano zipotee. Moto ukinguruma na kuinuka juu ya bana, umepitiliza.

Atakayebisha atasema moto huwa njano mtungi ukikaribia kuisha, kwa hiyo kosa ni la gesi. Ana hoja: propani hutangulia kugeuka mvuke, butani ikabaki nyingi. Ila butani ndiyo inayodai hewa zaidi, kwa hiyo tumerudi palepale. Ni kweli pia kwamba majiko mengi ya bei nafuu hayana kibati; hayo husafishwa tu. Nisichokubali ni dawa ya kutanua nozeli. Kipenyo kikiongezeka kwa robo, eneo la tundu huongezeka kwa zaidi ya nusu, na matundu ya hewa yako vilevile. Nozeli pana ina mahali pake kwenye bayogesi ya samadi, ambayo lita yake moja hutosheka na lita 6 hivi za hewa. Na kwa kuwa Bariadi ni nchi ya ng'ombe, hiyo ndiyo mada ya wiki ijayo.