Kuboronga Sarufi: Nini Kimehama, na kwa Nini?

Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3), swali la ushairi mara nyingi hukutaka ueleze jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Watahiniwa wengi hujibu hivi: "Ameboronga sarufi ili kutosheleza mizani." Kabla ya kuandika hivyo, hesabu kwanza.

Tazama mishororo hii miwili tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili. Nafsineni ni mwenye nyumba wa mtaa wa Kilimani, Nairobi, ambako nyumba nyingi za chini zenye bustani zimepisha maghorofa:

Kilimani wamehama, wangu wengi wapangaji,
Ndefu nyumba zasimama, hayapandi juu maji.

Kwa lugha ya nathari tungesema: "Wapangaji wangu wengi wamehama Kilimani. Nyumba ndefu zasimama, maji hayapandi juu." Hesabu sasa. Ni nane kwa nane, kabla na baada ya kuhamisha. Kilichokosekana ni vina: mpangilio wa kawaida unatupa -ngi na -ni, kisha -ma na -u. Baada ya kuhamisha tunapata -ma na -ji kote. Inkisari hupunguza mizani na mazida huiongeza. Kupanga upya maneno yaleyale hakuongezi silabi hata moja katika mshororo. Kunachoweza kubadilisha ni silabi inayoangukia mwisho wa kipande. Na "ndefu nyumba" je? Hapo hata kina hakikuguswa. Sababu ni msisitizo: urefu unatangulizwa, halafu maji yanashindwa kuufikia.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulipita haraka. Maneno hayahami kiholela. Tangu Noam Chomsky wa Marekani achapishe Syntactic Structures mwaka wa 1957, wanaisimu wengi wameeleza kwamba kinachohama aghalabu ni kirai kizima, yaani tawi zima la ule mchoro wa matawi unaouchora darasani. "Kilimani" limehamia mwanzoni likiwa zima, na "maji" yamehamia mwisho. Sarufi ya Kiswahili inaruhusu haya hata katika mazungumzo, kwa sababu kitenzi kinabeba kiambishi cha upatanisho: ya- katika "hayapandi" inatuonyesha kiima ni maji, popote yalipo. Lakini katika "wangu wengi wapangaji" kirai kimevunjwa ndani, vivumishi vikitangulia nomino yake. Huko ndiko kuboronga kwenyewe, na mfano wa namna hii ndio wa kunukuu kwanza. (Usidanganywe na "huyu mpangaji" au "kila mpangaji". Hiyo ni sarufi ya kawaida kabisa.)

Upatanisho una mpaka wake. "Maji mpangaji aliyamwaga" inaeleweka mara moja, kwani -ya- haiwezi kumrejelea mtu. Linganisha "Mpangaji alimfukuza mwenye nyumba" na "Mwenye nyumba alimfukuza mpangaji". Nomino zote mbili ni za ngeli ya A-WA, viambishi ni vilevile, na mpangilio peke yake ndio unaotuambia nani yuko nje na mizigo yake.

Mahali nako kuna maajabu yake. Jina Kilimani limebeba kiambishi -ni cha mahali. Tunaweza kusema "Maghorofa yamejengwa Kilimani", au tutangulize mahali na kitenzi kikubali: "Kilimani kumejengwa maghorofa". Kiambishi ku- kimechukua nafasi ya ya-, na sasa habari inahusu mtaa, si majengo. Katika Karatasi ya Pili, ukiambiwa uandike upya sentensi ukianza na mahali, kagua kiambishi cha kitenzi kabla ya kuendelea.

Basi jibu kamili huwa hivi: "Mshairi ameboronga sarufi, kwa mfano 'wangu wengi wapangaji' badala ya 'wapangaji wangu wengi', ili kupata kina cha -ji." Umetaja mbinu, ukanukuu, ukarejesha mpangilio wa kawaida, ukatoa sababu inayothibitika.

Zoezi: Andika mshororo ufuatao kwa lugha ya nathari. Taja virai vilivyohama, kisha ueleze kwa nini vimehama.

Kodi yake ameshika, mkononi mpangaji.