Michezo ya kivita na maumivu ya kidole gumba

Huenda mwanao, au wewe mwenyewe, unacheza Unit 13. Huu ni mchezo wa kivita uliotolewa mwaka wa 2012 kwa ajili ya PlayStation Vita, mashine ya kushikwa mkononi yenye kioo cha inchi 5. Mashine hizo zilikoma kutengenezwa mwaka wa 2019, lakini zilizotumika zingali mikononi mwa watu. Mchezaji humwongoza askari anayejibanza nyuma ya ukuta, akachungulia, akafyatua risasi na kujificha tena. Askari akijeruhiwa, hukaa mafichoni sekunde chache na afya yake humrudia.

Mkono wa mchezaji hauponi hivyo.

Gumba la kushoto husukuma kijiti cha kumtembeza askari. La kulia husukuma kijiti cha kuelekeza bunduki na pia hubonyeza vitufe. Hata askari anapojificha, mchezaji hapumziki, kwa maana gumba bado limekaza juu ya kijiti likingoja kuchungulia. Vijiti vyenyewe ni vidogo mno, na mtu mwenye mkono mkubwa hulazimika kulikunja gumba muda wote.

Kano mbili za gumba hupita katika mfereji mwembamba kwenye kifundo cha mkono, mfano wa waya wa breki ya baiskeli ndani ya mpira wake. Gumba likifanyishwa kazi ile ile kwa saa nyingi, kuta za mfereji huwa nene, nafasi hupungua na kano hukwaruzana nazo. Madaktari huuita ugonjwa huu de Quervain, jina la mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka wa 1895, kabla ya mashine hizi kufikiriwa. Akina mama wanaonyanyua watoto wachanga huupata sana. Mwaka wa 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa vibaya na gumba baada ya kucheza Nintendo saa 5 mfululizo.

Ukitaka kujipima, kunja gumba ndani ya kiganja, lifumbate kwa vidole vingine, kisha pinda mkono polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Uchungu mkali kwenye kifundo, upande wa gumba, ni dalili ya ugonjwa huu. Usilazimishe, kwani hata mkono mzima huvutika kidogo.

Niliwahi kumtibu mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeletwa wiki tatu kabla ya mtihani. Hakuweza kuandika ukurasa mmoja. Nyumbani walikuwa wamemchua kila jioni kwa dawa ya kupasha moto, naye baada ya kuchuliwa alirudi kwenye mchezo. Nilimfunga gango la kutuliza gumba na kifundo, nikampa tembe za kupunguza uvimbe na kuiweka mashine mikononi mwa mamake. Aliufanya mtihani, ingawa kwa mwandiko wa kusikitisha.

Wengi hupona kwa kupumzisha gumba wiki kadhaa. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hivi, hupunguza uchungu. Tembe za ibuprofeni husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asizimeze bila kumwona daktari. Ugonjwa ukikaidi, hudungwa sindano ya steroidi kwenye mfereji wenyewe. Upasuaji ni kwa wachache.

Kwa anayeendelea kucheza, pumzika kila nusu saa, na uweke viwiko juu ya mto ili kifundo kisipindwe. Uchungu ukianza, acha siku hiyo hiyo. Kungoja umalize vita ndiko kunakoharibu mambo.

Wazazi huniuliza kama michezo hii humfanya mtoto kuwa muuaji. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka wa 2020 kwamba ushahidi wa kuilaumu hivyo hautoshi. Binafsi, mtoto anayecheza hadi saa saba za usiku hunitia wasiwasi zaidi kwa usingizi anaoukosa.

Ganzi ya vidole inayokuamsha usiku ni ugonjwa mwingine, unaotokana na mshipa wa fahamu kubanwa, mwone daktari. Gumba likiwa jekundu, la moto na lenye uvimbe, hasa baada ya kuchomwa na mwiba au kukatwa, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya ala ya kano unaweza kuiharibu kwa muda mfupi.