Kifafa: Usingizi ni sehemu ya tiba

Wagonjwa wengi wa kifafa wanajua kwamba ni lazima wameze dawa kila siku. Wachache wanajua kwamba kukesha usiku mmoja kunaweza kuwaangusha hata kama hawakukosa dawa.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauletwi na mapepo, wala hauambukizwi kwa povu linalomtoka mgonjwa. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Umeme huo ukifyatuka kwa wingi, mgonjwa huweza kuanguka na kutetemeka, au kuduwaa tu kwa muda mfupi. Ubongo uliokosa usingizi hushindwa kuuzuia. Ndiyo maana madaktari wanaopima umeme wa ubongo wakati mwingine humwagiza mgonjwa apunguze usingizi kabla ya kipimo, ili kasoro ijitokeze.

Wako vijana ambao mikono yao huruka ghafla asubuhi, kikombe cha chai kikawaponyoka. Hiyo huweza kuwa dalili ya kifafa, na huzidi baada ya kukesha. Mzazi asimkaripie mtoto kwa uzembe. Ampeleke kwa daktari.

Walio hatarini zaidi ni wanafunzi wanaokesha wakisoma, wafanyakazi wa zamu za usiku, na wanaohudhuria matanga au kesha hadi alfajiri. Kifafa cha usiku nacho huharibu usingizi, na usingizi ukiharibika, kifafa hurudi.

Mgonjwa afanye nini?

Alale na kuamka saa zile zile, hata Jumapili. Mtu mzima huhitaji saa 7 hadi 9. Kijana, saa 8 hadi 10. Aepuke miraa, na jioni asinywe kahawa. Pombe humlaza mtu upesi, lakini huukatiza usingizi baadaye, na huweza kuchochea kifafa inapoisha mwilini.

Anayefanya kazi usiku amwombe daktari barua ya kumpelekea mwajiri, ili apewe zamu ya mchana.

Dawa zikikufanya usinzie mchana au zikikunyima usingizi usiku, usiziache ghafla. Kufanya hivyo kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, ambacho huweza kuua. Rudi kwa daktari akubadilishie kipimo au saa za kumeza.

Na mgonjwa akitetemeka kwa zaidi ya dakika 5, mkimbizeni hospitalini.