Je, Chembe Zinazong'aa Zimo Kwenye Chanjo?



Huenda umesikia kwamba wanasayansi wana chembe ndogo zinazong'aa, ambazo hufuatilia yanayotokea ndani ya seli za mwili. Wapo wanaoogopa kwamba chembe hizo zimo kwenye sindano za chanjo. Soma hapa ujue ukweli.

Chembe hizo ni nini?
Ni punje ndogo mno. Ukigawa milimita moja katika sehemu milioni moja, upana wa punje ni sehemu 2 hadi 10 tu. Zikimulikwa kwa mwanga maalumu hung'aa: zilizo ndogo zaidi hutoa rangi ya buluu, zilizo kubwa nyekundu. Wanasayansi 3 walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kuzigundua na kuzitengeneza.

Zina kazi gani?
Usiku mtu akipita na tochi humwoni sura, lakini unajua anakoelekea. Vivyo hivyo, mtafiti hubandika chembe kwenye kitu anachotaka kukifuata, kisha hutazama kwa darubini. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walifuata hivyo vipokezi vya ujumbe kwenye seli hai za neva za panya. Huko China, wengine wamefuata virusi vya mafua vikiingia ndani ya seli. Ukijua njia anayopita adui, unajua pa kumzuia.

Je, zimo kwenye chanjo?
Hapana. Kazi hii hufanywa kwenye seli zinazokuzwa katika vyombo vya maabara. Nyingi ya chembe hizi zina kadimiamu, madini yenye sumu. Hazitiwi kwenye chanjo za watoto wala za watu wazima. Usimkoseshe mtoto wako chanjo kwa sababu ya uvumi.

Kung'aa kunatusaidiaje sisi?
Katika kupima kifua kikuu. Makohozi hupakwa rangi inayong'aa, na vijidudu vya ugonjwa huonekana kwenye darubini kama vijiti vya manjano gizani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza darubini za aina hii zenye taa za LED. Rangi hupakwa kwenye makohozi yaliyo juu ya kioo, si mwilini mwako.

KUMBUKA
- Ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya upimwe.
- Toa makohozi ya kifuani, si mate.
- Ukiwa na shaka juu ya chanjo, muulize mhudumu wa afya.