Marekani: Namna shule za sekondari zinavyowalinda wanafunzi LGBTQ, na yale wazazi Wakongomani wanapaswa kujua

Mwaka wa 1996, korti moja ya rufaa huko Marekani ilitoa uamuzi uliowashtua wakuu wa shule nchini kote. Aliyeshitaki ni kijana Jamie Nabozny, wa mji mdogo wa Ashland katika jimbo la Wisconsin. Alishitaki viongozi wa shule, waliojua kwamba anapigwa na wakanyamaza.

Kijana huyo alivutiwa na wavulana wenzake, na wanafunzi walijua. Kuanzia darasa la saba walimtukana, wakampiga na kumtemea mate. Siku moja darasani, wawili walimwangusha chini na kuigiza kwamba wanambaka, huku wenzao wapatao ishirini wakitazama na kucheka. Siku nyingine walimkojolea ndani ya choo. Baadaye alipigwa mateke tumboni mpaka akavuja damu kwa ndani. Wazazi wake walikwenda ofisini mara nyingi. Kulingana na kesi, waliambiwa kwamba wavulana ndivyo walivyo, na kwamba mtoto anayejionyesha namna hiyo ategemee mambo kama hayo. Alijaribu kujiua. Mwishoni aliacha shule na kuhama mji.

Majaji walisema kwamba shule inayowalinda wanafunzi wengine haina haki ya kumwacha mmoja kwa sababu ya jinsi alivyo. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo viongozi hao walionekana kuwa na kosa, na pande mbili zikapatana kwa malipo ya zaidi ya dola 900.000. Kuanzia hapo, mkuu wa shule wa Marekani anajua kwamba kunyamaza kunaweza kumfikisha kortini.

Kesi hiyo ina uhusiano gani nasi? Katika mwaka wa bajeti 2023 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya elfu 18 kutoka Rdc, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote. Wengi walipitia kambi za Nyarugusu huko Tanzania, Nakivale na Kyangwali huko Uganda, au kambi za Rwanda na Burundi, na Kiswahili ndicho wanachozungumza nyumbani. Leo watoto wao wanasoma Louisville, Boise, Phoenix na miji mingine. Mzazi anazoea baridi, kazi ya usiku na barua za shule asizoweza kuzisoma. Kisha siku moja anasikia, kwa mwalimu au kwa mtoto mwenyewe, neno ambalo hakuwahi kufikiri litaingia nyumbani mwake.

LGBTQ ni herufi zinazotumiwa kuwataja watu wanaovutiwa na wenye jinsia kama yao, wanaovutiwa na wanaume na wanawake pia, wale wasiojitambua katika jinsia waliyoandikiwa wakati wa kuzaliwa, na vijana ambao bado wanajiuliza.

Mambo manne ya Massachusetts

Jimbo la Massachusetts lilianza kazi hii mapema. Mwaka wa 1992, gavana William Weld, wa chama cha Republican, aliunda tume ya kuchunguza hali ya vijana hao. Tume iliwaita wanafunzi wenyewe wasimulie hadharani wanayoyapata shuleni. Mwaka uliofuata, baraza la elimu la jimbo lilizipa shule mapendekezo manne, ambayo mpaka leo yanaonyesha vizuri shule inaweza kufanya nini.

La kwanza ni sheria iliyoandikwa. Shule inaandika wazi kwamba kumtukana au kumpiga mwanafunzi kwa sababu hiyo ni kosa, kama vile ni kosa kumtukana kwa kabila au dini yake. Hapo mwalimu hana tena nafasi ya kusema hakujua afanye nini. Mtoto naye anajua apeleke mashtaka yake kwa nani.

La pili ni kuwafundisha wafanyakazi wa shule. Mwalimu anajifunza kumtambua mtoto anayejitenga, anayeshuka alama ghafla, anayekimbia shule siku za michezo, au anayezungumza juu ya kufa. Tume ilisisitiza jambo hilo kwa sababu ya idadi ya vijana waliokuwa wakijaribu kujiua.

La tatu ni kikundi cha wanafunzi ndani ya shule, ambamo yule wa LGBTQ anakaa pamoja na wenzake wasio hivyo, chini ya uangalizi wa mwalimu.

La nne ndilo linalosahauliwa mara nyingi: shule isaidie jamaa pia. Baraza lilihimiza ushauri kwa wazazi na ndugu wa mwanafunzi, ndani ya shule yenyewe. Waliona kwamba mtoto akilindwa saa saba shuleni na kufukuzwa jioni nyumbani, shule imefanya nusu ya kazi.

Kikundi kilicholindwa na sheria ya watu wa sala

Vikundi hivyo havikuanzia serikalini. Mwaka wa 1984, katika shule ya sekondari Fairfax ya Los Angeles, mwalimu wa sayansi Virginia Uribe aliona mwanafunzi mmoja akinyanyaswa mpaka akaacha masomo. Alianza kukaa na wanafunzi wakati wa chakula cha mchana, wakizungumza tu. Kazi hiyo ikaitwa Project 10.

Mwaka wa 1988, katika shule ya Concord Academy huko Massachusetts, mwanafunzi msichana alimwendea mwalimu wake wa historia, Kevin Jennings, akitaka kikundi kianzishwe. Msichana huyo hakuwa mwenyewe wa LGBTQ. Mama yake ndiye aliyekuwa akipenda wanawake, naye alichoka kusikia jamaa yake ikidharauliwa. Jambo hilo linatukumbusha kwamba shuleni kuna watoto wengine wanaoumia kwa matusi yasiyowataja wao, yanayomgusa mzazi, kaka au dada yao.

Vikundi vilipoenea, upinzani ulikuja. Mwaka wa 1996, wanafunzi wa shule ya East High, katika mji wa Salt Lake City, waliomba kikundi chao. Viongozi wa elimu wa mji waliona kwamba sheria haiwaruhusu kukataa kikundi kimoja na kuacha vingine, basi wakafuta vikundi vyote visivyohusu masomo. Ilichukua mpaka mwaka wa 2000 vikundi kurudi.

Sheria iliyowabana ni ya mwaka 1984. Inasema kwamba shule ya sekondari ya serikali ikiruhusu kikundi kimoja cha wanafunzi nje ya masomo, haiwezi kukataza kingine kwa sababu ya mawazo yake. Waliopigania sana sheria hiyo ni Wakristo, waliotaka watoto wao waweze kusali na kusoma Biblia pamoja shuleni. Mlango walioufungua kwa ajili ya vikundi vya sala ndio uliowapitisha na wengine.

Uzito uko nyumbani

Shule inaweza kuzuia ngumi na matusi, lakini utafiti unaonyesha kwamba maisha ya mtoto yanategemea sana jamaa yake. Mwaka wa 2009, mtafiti Caitlin Ryan na wenzake wa chuo kikuu cha San Francisco State walichapisha matokeo yao katika jarida la madaktari wa watoto. Waliwauliza vijana wazima kuhusu namna wazazi walivyowatendea walipokuwa wadogo. Wale waliokataliwa sana na jamaa walikuwa wamejaribu kujiua zaidi ya mara nane kuliko wale ambao jamaa hazikuwakataa, au ziliwakataa kidogo tu.

Kukataliwa huko ni kwa namna gani? Ni kumpiga, kumtukana, kumfukuza, kumkataza kukutana na rafiki zake, kumwambia kwamba ameiaibisha jamaa, au kukataa kabisa jambo hilo litajwe nyumbani. Wazazi wengi waliofanya hivyo hawakumchukia mtoto. Walidhani kwamba wanamwokoa.

Timu ya Ryan ilifanya kazi pia na jamaa zenye dini kali, na imetoa vitabu vya kuwasaidia, kimoja kwa ajili ya Wamormoni. Hawamwambii mzazi aache imani yake. Wanamwomba aache matendo yanayomsukuma mtoto kwenye kifo, na abaki karibu naye hata kama hakubaliani naye. Mzazi anaweza kusema: "Jambo hili silielewi, lakini wewe ni mtoto wangu na hapa ni kwenu." Kauli hiyo haiwezi kumtoa mtu kanisani.

Shirika la Trevor Project, linaloendesha simu ya msaada kwa vijana hao, lilitangaza mwaka wa 2019 kwamba kijana mwenye angalau mtu mzima mmoja anayemkubali alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kusema kwamba alijaribu kujiua katika mwaka uliotangulia. Mtu huyo mmoja anaweza kuwa mwalimu, shangazi, baba mdogo au mchungaji.

Wazazi nao wanahitaji mahali pa kulia na kuuliza. Mwaka wa 1972, Jeanne Manford, mwalimu wa shule huko New York, aliandamana barabarani pamoja na mwanawe, baada ya kijana huyo kupigwa kwa sababu ya kutetea haki za watu kama yeye. Watu walimkimbilia Manford wakimwomba azungumze na wazazi wao. Mwaka wa 1973 aliitisha mkutano wa wazazi, watu wapatao ishirini, ndani ya kanisa la Wamethodisti. Hapo ndipo lilipozaliwa shirika la PFLAG, ambalo leo lina matawi karibu kila pembe ya Marekani.

Siri ya mtoto

Jambo linalogawanya Wamarekani leo ni hili: mwanafunzi akimwambia mwalimu siri yake, mwalimu amwambie mzazi? Majimbo kadhaa yanasema mzazi ana haki ya kujua. California, kwa upande wake, ilipitisha mwaka wa 2024 sheria inayokataza shule kuwalazimisha walimu kutoa siri hiyo. Florida ilipunguza tangu 2022 yale ambayo mwalimu anaweza kufundisha darasani kuhusu mambo haya. Mabishano yanaendelea, na sheria si moja kila mahali. Mzazi aulize kanuni za shule ya mtoto wake.

Kwa jamaa za Wakongomani kuna hatari nyingine. Mara nyingi mkalimani wa shule ni mtu wa kanisa lao, au mtoto mwenyewe, au dada yake mdogo. Habari iliyosemwa ofisini saa nne inaweza kufika kwaya kabla ya jioni. Mzazi anaweza kuomba mkalimani wa simu, anayekaa mji mwingine na asiyejua jina lake. Shule nayo isimtumie mtoto kutafsiri mambo ya maisha yake mwenyewe.

Na ikiwa mtoto anazungumza juu ya kujiua, siri inaisha. Huko Marekani, namba ya simu 988 inapokea watu mchana na usiku.

Na huku kwetu?

Hapa Rdc hali ni tofauti sana. Hakuna sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, lakini kifungu cha 176 cha sheria ya makosa, kinachohusu tabia za kuharibu adabu, kimetumiwa dhidi ya watu hao. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema ndoa ni kati ya watu wa jinsia mbili tofauti. Hakuna anayetegemea kuona kesho kikundi kama cha Concord katika shule ya Goma, Bukavu au Uvira, na mtoto ambaye angejitaja hadharani angejiweka hatarini.

Lakini Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshitaki uchawi. Haikusema: isipokuwa mtoto wa namna fulani. Tunajua sote namna mambo yanavyokwenda. Mvulana mwenye sauti nyembamba anapewa jina la kejeli kabla yeye mwenyewe hajajijua, na mwalimu anacheka pamoja na darasa. Msichana anayekataa kuvaa kama wenzake anapelekwa kwenye chumba cha maombi, anafungishwa siku kadhaa bila kula ili pepo litoke. Mwingine anakutwa amelala sokoni, na jirani wanasema tu kwamba alikuwa na kichwa kigumu.

Kukomesha mambo hayo hakungoji sheria mpya. Prefe anaweza kukataza majina ya kejeli katika shule yake, kwa wanafunzi wote, bila kumtaja hata mmoja, kwa maana jina la kejeli linamuumiza pia kiwete, yatima na mkimbizi wa vita. Komite ya wazazi inaweza kuuliza kwa nini mtoto fulani haonekani tena darasani. Mwalimu anaweza kusikiliza na kufunga mdomo. Mchungaji aliyeitwa usiku anaweza kusali na jamaa na kuwaambia wampe mtoto chakula alale.

Wazazi wa Ashland walifanya lililo lao: walirudi ofisini tena na tena, wakimtetea mtoto wao mbele ya watu wasiotaka kusikia. Nabozny aliishi, na alipokuwa mtu mzima alizunguka mashuleni akisimulia yaliyompata. Katika mwaka wa 2010 filamu ilitengenezwa juu ya kesi yake, kwa ajili ya kuonyeshwa darasani.