Utamu wa Ngawira: Kutoka Badr hadi Maduara ya Geita

 

Ndugu msomaji, katika miji ya machimbo, kuanzia Mwakitolyo na Kakola upande wa Shinyanga hadi Nyarugusu na Katoro mkoani Geita, wazazi wanauliza juu ya michezo ya intaneti ambayo vijana huicheza usiku kucha. Mchezaji huvaa umbo la shujaa, huua dubwana, na dubwana likianguka huacha ngawira: upanga, ngao, au kitu kisicho na thamani. Je, hii ni kamari? Na vijana nao hujibu kwa swali lao: mbona baba anashuka kwenye duara asijue atatoka na nini? Hilo la vijana si jibu la utovu wa adabu. Linastahili kupimwa kwa mizani ya fiqhi.

Kwanza tuulize utamu wenyewe unatoka wapi. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, aliwafanyia njiwa majaribio. Njiwa aliyepewa punje kila baada ya kudonoa idadi ileile ya mara, alipumzika akisha kula. Aliyepewa punje bila idadi maalumu aliendelea kudonoa bila kutulia. Watengenezaji wa michezo wanaijua siri hii, kwa hiyo upanga bora hauanguki kila mara. Lakini kutojua peke yake hakutoshi, na ushahidi umetoka kwao wenyewe. Mchezo wa Diablo III, uliotoka Mei 2012, uliwekewa soko ambamo mchezaji aliweza kununua silaha za wenzake, hata kwa fedha halisi. Biashara ilikuwepo, ila utamu wa mchezo uliharibika, kwani kuna haja gani ya kupigana na dubwana kwa saa nyingi ikiwa upanga wake unauzwa dukani? Kampuni iliyoutengeneza ikalifunga soko lile Machi 2014. Kumbe moyo wa mwanadamu unataka kisichojulikana, na unataka pia kijasho ndani yake.

Mchimbaji hahitaji kuambiwa haya na njiwa. Watu huchimba kwa miezi wakila kwa mkopo, kisha siku moja duara linatema, na habari inafika kijiji cha tatu kabla ya jua kuzama. Siku hiyo husahaulisha miezi yote.

Sasa turudi kwenye lugha, maana Kiarabu hapa kinatufungulia mlango. Ngawira kwa Kiarabu ni ghanima, na asili yake ni ghunm, yaani pato. Kinyume cha ghunm ni ghurm, yaani hasara au gharama inayomwangukia mtu. Wanazuoni walipoieleza maisir, ambayo Qur'an imeiharamisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, walisema ni muamala ambao kila anayeuingia yu baina ya ghunm na ghurm: ama apate mali ya mwenziwe, ama apoteze yake. Mchimbaji naye ana ghurm yake, lakini si dau. Ghurm yake ni mgongo wake, chakula chake na pengine roho yake. Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mwenzao alifia humo. Dhahabu akiipata hakumnyang'anya yeyote. Akiikosa, hakuna aliyejilia hasara yake. Huku ni kutafuta riziki, kama mvuvi na mkulima wa mvua, na kutojulikana kwa riziki hakuifanyi kuwa kamari.

Kwa mizani hiyohiyo, ngawira inayoanguka ndani ya mchezo bila kutoa fedha si maisir, ingawa yapo mengine ya kuangaliwa, hasa Sala na usingizi. Lakini siku hizi michezo mingi ina masanduku yanayouzwa yakiwa yamefungwa: unalipa kwa simu, ndipo unafungua ujue kama umepata johari au kopo tupu. Hapo kijasho kimeondolewa, limebaki dau na kutojua. Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa fiqhi yetu, iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hiyo yanaingia katika sheria yake ya kamari. Tofauti yake na mashine za dubwi zinazomeza sarafu za vijana wetu pembeni ya karasha ni ndogo mno.

Mafakihi walikipima kijasho hata katika zaka. Imam Malik aliona kwamba dhahabu ya mgodini hutolewa robo ya ushuri, yaani 2.5 kwa mia, lakini kipande kinachopatikana bila kazi kubwa, alichokiita nadra, kina khumsi, sehemu moja ya tano. Katika madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni robo ya ushuri kwa yote.

Lakini linaloleta ugomvi zaidi machimboni ni mgawo. Mawe yakishapandishwa hutiwa kwenye viroba, kisha hutoka fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara aliyegharamia matimba, chakula na mafuta ya jenereta, na fungu la wachimbaji. Viwango hutofautiana machimbo na machimbo. Kila mmoja huondoka na viroba vyake kwenda kuvisaga, na hakuna ajuaye kwa yakini kilichomo. Wapo wanaosema huu ni ujira usiojulikana, hivyo ni batili, na kama makubaliano ni ya kuajiriwa, wana hoja, maana jamhuri ya mafakihi wanashurutisha ujira ujulikane. Mimi naona mapatano haya yako karibu zaidi na ushirika. Amepokea Abu Daud kwamba Abdullah bin Masud, Ammar bin Yasir na Saad bin Abi Waqqas (R.A.) walipatana siku ya Badr kushirikiana katika watakachopata. Saad akaja na mateka wawili, wenziwe hawakuja na kitu. Isnadi yake ina maneno, kwa kuwa Abu Ubaida hakusikia kwa baba yake, lakini Imam Ahmad aliichukua kuwa hoja ya ushirika wa kazi. Imam Shafii hakuukubali ushirika huu, na anayemfuata yeye ana haki ya kutaka mapatano mengine.

Akiukubali mtu ushirika, basi linamfunga la pili, nalo ni ghulul: kuchukua katika ngawira kabla ya kugawanywa. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha Mid'am, mtumwa aliyepigwa na mshale akiteremsha mizigo baada ya Khaibar. Watu walimpongeza kwa shahada. Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya mgawo inamwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hayo akaleta kamba ya kiatu. Sasa mtazame mwenye duara anayetwanga mawe usiku, akayaosha kwenye karai, akajua kiroba kipi kina rangi, kisha asubuhi akawaachia wachimbaji viroba vya mwamba mtupu. Idadi imetimia, na mali imeibwa. Mtazame pia mchimbaji anayepanda na jiwe zuri ndani ya buti. Wote wawili wako upande wa Mid'am.

Njia ya kutoka ipo katika mlango wa qisma. Mawe yachanganywe kabla ya kutiwa kwenye viroba, au viroba vipangwe mbele ya pande zote, kisha ipigwe kura. Kura hii si maisir, kwa kuwa haki ya kila mmoja imekwisha thibiti kabla ya kupigwa, na haimtoi mtu katika fungu lake. Inaamua tu kiroba kipi ni cha nani. Aliyesampuli kwa siri hana haki ya kushiriki kura hadi awaambie wenziwe alichokiona kwenye karai.